Redio ya Kuning'iniza

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mambo yamefika hapa.

Mimi ni Simiyu Waliaula, fundi mkuu wa kampuni ya Sauti ya Winam, watengenezaji wa redio, Kisumu. Tuliianzisha watu watatu: mimi niliyesomea umeme, Gordon Amolo anayejua kuuza, na Mzee Absalom Ouma aliyetoa mtaji na jengo letu kando ya mtaa wa Obunga. Gordon ni kaka wa mke wangu, Adero, mama wa mtoto wetu Nasipwondi.

Alhamisi ile ya mwaka 1972, mfano wa redio yangu mpya haukuonekana katika karakana. Gordon alisimama mbele ya wafanyakazi akasema nimeuza siri yetu kwa kampuni moja ya Nairobi. Mzee Absalom hakupiga kelele. Alinyoosha mkono nikampa funguo.

"Jumatatu tuna mkutano," akasema. "Njoo na redio. Kama huna redio, usije."

Hapo ndipo tulipoishia. Nilikuwa nimebakiwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kulinda kazi yangu na jina langu.

Lazima nieleze redio yenyewe. Asiyeielewa redio hataelewa wizi.

Redio zetu tulizipa majina ya samaki wa ziwani, na ya kwanza iliitwa Kamongo. Ilikuwa kabati la mbao lenye taa za kioo ndani, ikitumia betri ya gari. Jioni kijiji kizima kilijaa kwa mwenye Kamongo kusikiliza matangazo ya vifo. Kisha transista zikaja, tukatoa Ngege, redio ya kubeba mkononi kwa mshipi wa ngozi. Ngege iliiua Kamongo. Hatukulia, kwa kuwa tuliiua wenyewe kabla mtu mwingine hajatuulia.

Ya tatu ilikuwa Omena, yaani dagaa. Ndogo kama kipande cha sabuni, ikitumia mawe mawili tu, yale ya tochi. Hoja yangu ilikuwa rahisi. Siku za kijiji kizima kusikiliza redio moja zimekwisha. Sasa kila mtu anataka yake, na mtu wa kwanza kuitaka ni mvuvi, kwa sababu mvuvi akiwa ziwani hana jirani wa kumwazima sikio.

Ndani ya redio ndogo kuna fimbo nyeusi inayonasa mawimbi. Ikilala, inanasa. Ikisimama wima, sauti inafifia. Viwanda vyote huilaza fimbo hiyo kwa kudhani kwamba redio itawekwa mezani.

Lakini mimi nilikaa na wavuvi wa Port Victoria. Ndani ya mtumbwi hakuna meza. Mvuvi huifunga redio kamba upande mmoja, akaining'iniza kwenye mlingoti isilowe. Redio ya kawaida ikining'inizwa hivyo, fimbo yake husimama, nayo hunyamaza. Wavuvi walidhani ni laana ya ziwa. Haikuwa laana. Ilikuwa fimbo.

Basi ndani ya Omena niliigeuza. Ukiiweka mezani, inakoroma. Ukiining'iniza, inasema.

Hakuna fundi ambaye angefanya hivyo kwa bahati. Kumbukeni hilo.

Gordon aliipinga Omena mkutanoni. Alitaka tutengeneze makabati ya redio pamoja na santuri, makubwa, ya kuwekwa baa.

"Muziki, omera!" alisema, akipiga meza kama ngoma. "Kila baa kutoka hapa mpaka Siaya inataka kucheza. Nani atacheza mbele ya kipande cha sabuni?"

Nilionyesha kwamba baa nyingi hazina umeme, na zenye umeme tayari zinaagiza mashine zao Nairobi. Nilikuwa nimekwenda baa kwa baa nikiuliza. Mzee Absalom, ambaye utajiri wake ulitoka kwenye useremala, alilipapasa kabati la mfano alilolileta Gordon kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari.

"Hii ni mbao," akasema. "Mbao naielewa."

Omena ikashindwa. Niliiweka rafuni, zikapita wiki kadhaa kabla haijagunduliwa kwamba imetoweka.

* * *

Ijumaa asubuhi nilimkuta Adero akifunga kikapu.

"Unaenda wapi?"

"Kombewa. Miguu ya mama imevimba tena. Lazima nimpeleke hospitali."

"Nitakusindikiza."

Alicheka. "Mpaka wapi? Si utaishia njia panda kama kawaida, usimame kwa jua kama muuza kuku?"

Alisema kweli. Kwetu Bukusu, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Akimwona njiani, anaacha njia. Nyumba anamolala mama huyo haiingii, hata ikiwa inaungua. Jina lake halitaji, ndiyo maana hata hapa gazetini hamtalisoma. Siku ya arusi yetu, mkwe wangu aliketi benchi la nyuma kabisa kanisani, nami sikugeuka tangu mwanzo hadi mwisho.

Wajaluo nao wana heshima zao kwa mkwe, kwa hiyo mama yule alinielewa kuliko alivyonielewa mwanawe. Gordon aliona ni kichekesho. "Msomi wa mawimbi anamkimbia mwanamke mzee!" angesema, na karakana nzima ingecheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka.

"Adero," nikasema, "mwambie kaka yako aseme kweli kabla ya Jumatatu."

"Kweli gani?"

"Kwamba mimi sikuuza kitu."

Aliendelea kufunga kikapu. "Kwa nini usiiache hiyo kampuni, Baba Nasipwondi? Fundi hakosi kazi. Twende kwenu tufungue duka."

"Nikiondoka sasa, nitaondoka kama mwizi."

"Watu wanasahau."

"Mzee Absalom hasahau. Na mimi sisahau."

Hapo nikaona kidole chake. Kulikuwa na alama ya moto kwenye ncha ya kidole cha shahada, nyeupe, ya duara.

"Umeungua na nini?"

"Sufuria."

"Sufuria haichomi duara."

"Sasa hata kidole changu unakikagua kama redio?" Akajitwika kikapu, akatoka.

Mimi ni mtu wa kuamini ninachokiona. Nilikiona, nikakiweka kando, kwa sababu kilikuwa kwenye mkono wa mke wangu.

* * *

Jumamosi nilikwenda Port Victoria. Kama mtu amenakili Omena, nilifikiri, ataiuza kwa watu walioitaka.

Sikutafuta sana. Kwenye kibanda cha Nabututu, mama anayenunua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka Busia, kitu chekundu kilikuwa kimening'inia kwenye mti. Kilikuwa kinaimba.

"Fundi!" Nabututu akapaza sauti. "Umepotea kama mvua ya Januari! Ulikaa hapa ukituuliza maswali mpaka tukadhani wewe ni mtu wa kodi, halafu ukanyamaza. Sasa redio imekuja bila wewe."

"Imekuja na nani, Mama?"

"Kwanza salimia watu. Mmesoma, lakini salamu imewashinda."

Nikasalimia. Nikamwuliza tena.

"Kijana mmoja mrefu, Mbukusu kama wewe. Anatembea kama anakanyaga mayai. Anakuja nazo kwa gunia."

"Kwa nini umeining'iniza?"

"Yeye ndiye alituambia. Hii haitaki kukaa. Inafanana na marehemu mume wangu. Nyumbani, kimya. Mtundike kilabuni, anaongea mpaka asubuhi!"

Wanawake waliokuwa wakipara samaki wakacheka mpaka mmoja akaangusha kisu.

Niliomba redio ile, nikaiweka juu ya sanduku la samaki. Ikakoroma. Nikaiinua kwa kamba yake. Ikasema. Nikaiweka tena, nikaiinua tena.

"Fundi, utaitapisha," Nabututu akasema.

Nikaifungua nyuma kwa sarafu. Fimbo ilikuwa imegeuzwa, vilevile kama nilivyoigeuza mimi. Kisha nikatazama mahali waya zilipounganishwa kwa risasi. Risasi ilikuwa ndogo, safi, yenye kung'aa, kama punje za mtama. Hiyo ni kazi ya mtu anayeshika chuma cha moto bila kutetemeka.

Watu wawili tu niliwahi kuwafundisha kuchomelea hivyo. Mmoja alikuwa Wakhisi, fundi wa kampuni yetu, kijana mrefu anayetembea kama anakanyaga mayai. Wa pili sikumfikiria, kwa sababu hakuwa mfanyakazi wa Sauti ya Winam.

"Niuzie hii, Mama."

"Siuzi. Na ukiipata utafanyia nini?"

Lilikuwa swali zuri. Redio ile haingenisaidia. Ingethibitisha kwamba Omena inatengenezwa nje ya kampuni, jambo ambalo Gordon alikwisha kulisema. Ningekuwa nimejibebea ushahidi dhidi yangu. Nilihitaji mfano wenyewe, ule wa mvule niliouchonga kwa mkono wangu, na nilihitaji kuupata mahali ambapo mwizi asingeweza kusema ni pangu.

"Kijana yule anatoka wapi na magunia?"

"Anasema Kombewa." Akaninyang'anya redio akaitundika. "Sasa mbona umekuwa na uso kama wa mbuzi wa sikukuu? Kombewa si ndiko ulikooa?"

* * *

Wakhisi nilimpata Jumapili pale sokoni Kombewa, akinywa chai. Aliponiona hakukimbia. Aliinamisha kichwa.

"Mwalimu, usinitazame hivyo."

"Nani alikuruhusu kunakili Omena?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Gordon aliniambia mmegawana. Wewe ubaki na Mzee Absalom na makabati, yeye aanze upya na redio ndogo. Akasema ni siri mpaka Mzee achoke. Mwalimu, sikuamini mara moja. Lakini nilipomkuta mama pale, nikajua umekubali. Angekuwaje pale bila wewe kujua?"

"Mama yupi?"

Alitazama viatu vyake. Nilidhani anamzungumzia mkwe wangu, na kwamba anaona haya kumtaja mbele yangu, kama inavyompasa kijana wa kwetu. Sikumsukuma zaidi.

"Karakana iko wapi, Wakhisi?"

Akaelekeza kwa midomo upande wa kilima. "Kwa mama yao."

Nikatazama kilimani.

"Nilimwuliza Gordon kwa nini pale," akaendelea polepole. "Ile nyumba ni ndogo, paa linavuja, tunabanana na kuku. Akasema Nyanza nzima kuna mlango mmoja tu ambao Simiyu hawezi kuupita. Mwalimu, nilidhani anatania."

"Wewe ni Mbukusu. Ulijua hatanii."

Hapo alianza kulia. Sikuwa na muda wa machozi yake. Nikapanda kilima.

* * *

Boma la mkwe wangu limezungushiwa ua wa michongoma. Nilikuwa nimefika pale mara nyingi, na kila mara nilisimama nje mpaka mtu aniletee kiti.

Safari hii niliingia mpaka uani. Nilikuwa sijawahi kuikaribia nyumba ile hivyo.

Nilisikia kabla sijaona. Mtangazaji alikuwa akisoma habari, na sauti yake ilitoka ndani ya nyumba mara nyingi kwa pamoja, kama waumini wanaosali sala moja. Redio nyingi ndogo zilikuwa zikijaribiwa kwa wakati mmoja. Hakuna hata moja iliyokuwa ikikoroma. Zote zilikuwa zimening'inizwa.

Gordon akatoka, mikono ya shati imekunjwa, kikombe mkononi.

"Shemeji! Karibu. Ingia, kuna chai."

"Lete Omena nje, Gordon."

"Omena ipi? Ya kukaanga au ya kuanika?"

"Ile ya mvule."

"Aa, hiyo." Akasogea kando, akaonyesha mlango kwa mkono wote, kama mhudumu wa hoteli. "Iko mezani. Mlango hauna kufuli. Ingia uchukue mali yako."

Nilibaki nimesimama.

"Unaona?" akasema. "Ningeweka mlinzi, ningemlipa. Ningeweka mbwa, angekula. Hii mila yenu haili chochote."

"Mkutanoni uliipinga."

"Niliipinga Omena ya Absalom. Si ya kwangu."

"Eleza."

"Nikueleze nini, wewe uliyesoma?" Akanywa chai. "Yule mzee anapenda mbao. Ungempa Omena, angeivika kabati, iwe jeneza la paka. Mwache na masanduku yake ya muziki. Mwakani atayafugia kuku, nasi tutakuwa ziwani kote."

"Ulijua makabati hayatauzika?"

"Kwani nani alinionyesha? Si ni wewe? Ulizunguka baa kwa baa ukihesabu nani ana umeme na nani hana. Ukaniletea nyumbani kwangu, ukanisomea, ukanionya. Yawa, Simiyu, nilikusikiliza vizuri kuliko mtu yeyote!"

Nilielewa wakati huo kwamba wizi wa redio ulikuwa sehemu ndogo. Gordon alikuwa ametwaa hoja yangu, akaigeuza, akaitumia kuizamisha kampuni yetu sote. Alimtia Mzee Absalom kwenye mtumbwi aliojua umetoboka, naye akabaki ufukweni akiunda mwingine.

"Ungeniambia," nikasema. "Kama uliona kampuni haina macho, ungeniambia tuondoke pamoja."

"Ungekwenda moja kwa moja kumwambia Mzee."

"Ndiyo."

"Basi." Akacheka, lakini si sana. "Mtu wa ukweli huwezi kufanya naye siri. Ilibidi siri ifanyike kwako."

"Na kuniita mwizi? Hilo nalo lilibidi?"

"Mtu akitafuta jina lake, hatafuti redio. Nilidhani utashughulika huko Kisumu ukilia kwa Mzee. Sikujua utakwenda kumsumbua Nabututu."

Alijua nilikokuwa jana. Wakhisi hakuwa amejua, na mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa mmoja. Ijumaa jioni nilituma salamu Kombewa kwa dereva wa basi, kwamba mama Nasipwondi asihangaike, nimekwenda Port Victoria, nitarudi.

Kabla sijaufikisha ukweli huo mwisho wake, mtu aliita kutoka ndani.

"Gordon! Risasi imekwisha. Niletee nyingine, chuma kinapoa."

Sauti za redio zilikuwa nyingi, zote za mwanamume mmoja. Hii ilikuwa ya mwanamke. Niliifahamu.

Punje za mtama. Duara jeupe kwenye kidole. Mtu wa pili niliyemfundisha alikuwa Adero, mwaka ule wa kwanza wa ndoa, tulipokuwa tukitengeneza Kamongo kwenye chumba chetu cha kupanga na hatukuweza kumwajiri mtu. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu.

"Adero," nikaita.

Ndani mtangazaji aliendelea kusoma.

"Adero, toka."

"Niko kazini." Hakuja mlangoni. Aliongea kutoka alipokaa.

"Uliniambia unampeleka mama hospitali."

"Nilimpeleka Ijumaa. Dawa amepewa. Si uwongo."

"Na sufuria?"

Chuma kikawekwa mezani.

"Uliichukua wewe, Omena ya mvule?"

"Niliichukua kwenye karakana mchana, na mlinzi akanipigia saluti," akasema. "Mke wa fundi mkuu, nani atamfungua kikapu?"

"Kwa nini?"

Nilisikia kiti kikisukumwa.

"Juu ya mlango wa kampuni kuna majina matatu," akasema. "Lako, la Gordon na la mzee wa mbao. Kamongo ya kwanza ilichomelewa na nani? Ya pili? Ya kumi? Gordon ameniandika hapa. Jina langu liko kwenye boksi, chini. Kaangalie. Aa, nimesahau, huwezi."

"Ungeniomba."

"Nilikuomba. Ukaniambia Mzee Absalom hatakubali. Ukasema ni ukweli, si maoni."

Nilikuwa nimesema hivyo, na Mzee hangekubali. Lakini nilikuja pale kudai kitu kimoja, nikakirudia.

"Kaka yako ameniita mwizi mbele ya watu. Ulijua atafanya hivyo?"

Mtangazaji akamaliza habari, wimbo ukaanza, ukitoka kila pembe ya nyumba.

"Alisema utajiuzulu tu," Adero akasema. "Alisema hutaumia."

"Nimeuliza kama ulijua."

"Kufikia Alhamisi nilijua."

Gordon alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

Hapo ndipo sauti nyingine ilipoingia. Ilikuwa ya chini, kavu, ya mtu asiyekuwa na desturi ya kuingilia mazungumzo ya uani. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu, ikiita kuku au watoto. Mara moja niligeuza uso nikatazama michongoma.

"Gordon," sauti ikasema. "Mwulize huyo mtu wa nje. Kazi hii si yake?"

Ndivyo inavyofanyika. Mkwe hasemi nami. Husema na mtu wa tatu, hata kama mtu wa tatu ni jogoo.

Gordon alikohoa. "Mama, pumzika. Miguu."

"Miguu haiongei. Mwulize."

"Shemeji," Gordon akasema kwa sauti ya chini, "Mama anauliza kama kazi hii si yako."

"Mwambie Mama," nikasema kuelekea michongoma, "kazi ni yangu. Iliibwa kwangu. Sikumtuma mtu, wala sikukubali."

Kikatokea kishindo kidogo ndani, kama fimbo ya kutembelea iliyogonga sakafu.

"Mimi niliambiwa," mama akasema, "kwamba yeye ndiye aliyemtuma mke wake. Niliambiwa baba Nasipwondi anaona haya kuleta kazi kwa mkwe, ndiyo maana ameleta kupitia watoto. Nikasema, huyo ni mkwe mwenye heshima, mpeni nyumba. Nikatoa kitanda changu kikaenda jikoni. Kumbe nimelala jikoni kuficha mwizi?"

"Mama, si wizi, ni biashara..."

"Funga mdomo, Gordon! Adero, ile ya mbao iko wapi?"

"Mama, iache."

"Nipe."

"Mama, ukimpa hiyo, kesho Gordon amekwisha. Na mimi nimekwisha."

"Nimesema nipe."

Nilisikia kamba ikifunguliwa kwenye msumari. Redio moja kati ya zile nyingi ikaanza kukoroma. Mtu alikuwa ameishika vibaya. Kisha ikasema tena, karibu zaidi na mlango. Nilikuwa bado nimewapa kisogo.

"Mama, mpe Gordon akupelekee," Adero akasema, na sasa alikuwa analia.

"Gordon nimempa vitu vingi. Hiki simpi."

"Basi mimi."

"Na wewe pia."

Fimbo ikagonga sakafu, mguu ukaburutwa, fimbo ikagonga tena. Ningesema uongo nikisema sikuogopa. Baba yangu alinionyesha mtu wa kwetu aliyekutana uso kwa uso na mkwewe kwa makusudi. Hakuna aliyempiga. Mbuzi walichinjwa, maneno yakasemwa, na baada ya hapo mke wake hakuwa mke wake, na watoto wakahesabiwa kwa wajomba. Mimi nina mtoto mmoja, Nasipwondi.

Na mkutano ulikuwa kesho.

"Gordon," mama akasema, sasa akiwa nyuma tu ya mlango. "Mwambie baba Nasipwondi maneno haya, usipunguze. Ninatoka na redio yake mkononi. Siitupi uani kama mfupa wa mbwa, na simpi mtoto wangu yeyote aishike. Kama anaitaka, ageuke aipokee. Kama mimi bado ni mkwe wake, akimbie."

Nilisikia kikombe cha Gordon kikiwekwa chini.

Nyuma yangu bawaba zikalia, na sauti ya redio yangu ikatoka nje ya nyumba.